Ndoana Tatu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri,
Ziwa Nord limejifunika ukungu hadi kidevuni.
Mashua yangu ni ya bati, futi kumi na nne,
niliuziwa na Lavern Skogstad mwaka ule barafu iligoma kuondoka hadi Mei.
Nanga naishusha mkono kwa mkono, isipige kishindo,
maana huku Minnesota tunamvizia samaki mwenye jicho la kioo,
ambaye akisikia kikombe kikigonga bati
anakumbuka ana shughuli kwingine.

Nimestaafu posta. Miaka thelathini na mmoja nilipeleka barua za watu;
sasa naandika zangu kwa mshipi,
na jibu huja kwa kudonolewa:
mara moja, kimya, mara ya pili.
Hiyo ya pili ndiyo ninayoiamkia.

Saa tatu kasoro wakaja.

Boti nyeupe kama jokofu jipya,
matangi yamejazwa maji makusudi ili mkia wake uchimbe wimbi,
nyuma yake mpira wa manjano unavutwa kwa kamba,
na juu ya mpira mtoto, anacheka hadi anapaliwa.

Wimbi halina adabu, huenda lilikotumwa.
Lilinikuta nimesimama, likanikalisha.
Kahawa ikamwagikia chambo,
na kile kiota cha ndege wazamiaji kwenye matete
nikakiona kinapanda, kinashuka, kinapanda.

Wakazunguka. Wakarudi.

Hapa ningependa kusema nilipunga mkono.
Sikupunga.
Nilishika fimbo nikatupa kuelekea boti,
si kuwapiga, nilijiambia, kuwatisha tu,
chambo cha mti alichonichongea marehemu Ardith,
chenye ndoana tatu.

Chuma hakijui kutisha tu.
Kilitua kwenye jaketi okozi la mtoto,
begani, vidole viwili kutoka shingoni.

Mshipi ukakaza. Miaka yote niliyovua
sijapata kushika kitu kizito vile.
Nikaukata kwa meno.

Injini ikazima, muziki ukazima.
Mwanamke aliyeshika usukani akanitazama.
Mimi nikatazama maji.

Siku nne sikukanyaga ziwani. Ya tano akaja gatini kwangu kwa miguu,
Pa Houa Lor, msafisha meno mjini,
kapanga nyumba ya bluu ng'ambo ya pili.
Mkononi kikopo cha peremende, na ndani yake chambo changu,
ndoana zote zimechomekwa kwenye kizibo cha chupa
zisimdhuru mtu.

Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kuomba radhi tangu jana yake.
Nilichotoa ni kikohozi.
Akaniwahi: "Baba yangu alivua kwenye matete yaleyale.
Napajua pale. Nilijua, na bado nikapita."
Nikasema, "Ningemng'oa jicho."
Tukanyamaza, kila mtu na deni lake.

Hatukuandikiana kitu. Ziwa halina lango wala karani.
Aliuliza tu samaki wanaacha kula saa ngapi.
Nikamwambia saa nne, jua likipanda,
na saa hiyo hata mimi huwa nina njaa.

Jumamosi hii, saa nne na dakika chache, nasikia injini yake mbali.
Ikikaribia matete inashusha sauti,
kama mtu apitaye mlangoni pa chumba alimolala mgonjwa.
Nami navuta mshipi ndani, nang'oa nanga,
naondoka kwenye mdomo wa gati la kushushia boti,
ambapo, acha niseme leo, nimeegesha miaka kumi
nikijua fika wengine hawana pa kupita.

Mtoto anainua mkono. Jaketi lake lina kiraka begani.
Navua kofia.

Kisha wimbi dogo linafika, linaligusa bati,
mara moja,
kimya,
mara ya pili.